Mbao Haikauki, Inazoea

Simu iliingia saa mbili usiku, mwezi Oktoba 2017. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa ofisi moja iliyohamia Dodoma miezi michache kabla, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka zaidi ya mtu anayelalamika. Alisema walinzi wamesikia mlio mkali ndani ya ukumbi wa mikutano, wakafungua wakidhani ni mwizi, wakakuta meza imepasuka katikati. Ufa ulianzia kichwani mwa meza ukatembea hadi karibu na mguu wa pili.

Meza ile tuliitengeneza sisi. Mtiki kutoka Tanga, upana mita 1.2, unene milimita 40, umefungwa kwa skrubu na gundi juu ya fremu ya chuma. Iliondoka Dar es Salaam mwezi Mei ikiwa inang'aa kiasi kwamba dereva wa lori alivua viatu kabla ya kupanda kuifunika turubai.

Mimi ndiye niliyekuwa na dhamana ya tanuri la kukaushia mbao katika karakana ile. Kwa hiyo kesho yake asubuhi, kabla hata sijaweka begi chini, mwenye karakana aliniuliza mbele ya mafundi: "Ulitoa mbao mbichi?" Nilifungua daftari. Kila shehena iliyoingia tanurini niliiandikia tarehe, aina ya mti, unene, na unyevu wa kuingia na wa kutoka. Mtiki wa meza ile ulitoka na asilimia 14. Kwa vipimo tulivyovizoea Dar, hiyo ni mbao kavu, na nilikuwa tayari kuapa.

Mafundi hawakuniamini, na sikuwalaumu. Mbao ikipasuka, jibu la kwanza la kila mtu ni kwamba haikukauka vizuri.

Nilipanda basi nikaenda Dodoma na msumeno mdogo, mifuko ya plastiki na mizani ya sonara niliyoinunua Kariakoo. Kwa ruhusa ya yule msimamizi nilikata kipande chembamba chini ya meza, pale ambapo jicho halifiki, nikakipima uzito palepale kabla hakijabadilika, nikakifunga. Niliporudi Dar nilikiweka kwenye oveni ya nyuzi 103, nikawa nakipima kila baada ya saa chache mpaka uzito ukakataa kushuka. Hesabu ni nyepesi: uzito wa kwanza toa uzito wa mwisho, gawanya kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa mia. Nilipata 8.

Nilirudia hesabu mara tatu. Meza iliyopasuka haikuwa mbichi. Ilikuwa kavu kuliko ilivyotoka kwenye tanuri langu.

Karakana yetu ilikuwa na mzee mmoja, fundi wa randa tangu ujana wake kule Keko, ambaye tulimheshimu sote pamoja na mwenye mali. Nilimkuta amekaa juu ya rundo la maranda anakunywa chai. Nikamwamkia, nikamweleza namba zangu. Hakuziuliza. Aliweka kikombe chini akasema, "Mwanangu, mbao haikauki. Mbao inazoea. Mmeizoesha Dar, mkaipeleka Dodoma. Imezoea Dodoma."

Sentensi hiyo ilinifundisha zaidi ya mwaka mzima wa kuangalia saa za tanuri, ingawa ilinichukua muda kuielewa kwa namba.

Anza na hewa. Kila aliyewahi kununua soda baridi Dar anajua kwamba chupa inatoka jasho. Maji yale hayatoki ndani ya chupa, yanatoka kwenye hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 ikijaa mvuke hadi haiwezi kupokea zaidi, inakuwa imebeba gramu 30 hivi za maji. Ikiwa na nyuzi 20, inashiba kwa gramu 17 tu. Ndiyo maana hewa ya joto inapogusa chupa baridi na kupoa ghafla, haiwezi tena kushika mzigo wote, ikautua pale kwenye kioo. Na ukiipasha hewa ileile hadi nyuzi 60, nafasi yake inapanda hadi gramu 130. Maji yaliyomo hayajapungua hata tone, lakini sasa hewa ina kiu.

Kiu hiyo ndiyo inayosomwa na haigromita, kile kipimo cha unyevu wa hewa. Tunaposema unyevu wa hewa ni asilimia 75, tunasema hewa imeshika robo tatu ya kile inachoweza kushika kwa joto hilo. Maneno "kwa joto hilo" ndiyo watu wengi wanayaruka, nami niliyaruka kwa muda mrefu. Ukinitajia asilimia ya unyevu wa hewa bila kunitajia joto, hujaniambia hewa hiyo imebeba maji kiasi gani.

Sasa mbao. Mti uliokatwa leo una maji ya aina mbili. Kuna maji huru yaliyojaa kwenye matundu ya seli kama maji ndani ya mrija, na kuna maji yaliyoshikwa ndani ya kuta zenyewe za seli. Ya kwanza yakitoka, mbao inapungua uzito lakini upana wake haubadiliki. Unyevu unapofika karibu asilimia 30, maji huru yamekwisha, na kuanzia hapo kila asilimia inayotoka inatoka kwenye kuta. Kuta zikipoteza maji, zinanywea. Hapo ndipo mbao inaanza kusinyaa, kupinda na kupasuka.

Na haiendi hadi sifuri. Inashuka mpaka ikutane na hewa inayoizunguka, ikifika mahali ambapo inachotoa kinalingana na inachopokea. Katika karakana yetu mahali hapo tulipaita unyevu wa kutulia. Kwa joto la kwetu, hewa ikiwa na asilimia 80, mbao inatulia kwenye 16. Kwenye hewa ya asilimia 65 inatulia kwenye 12. Kwenye hewa ya asilimia 40 inatulia chini kidogo ya 8. Aina za mti zinatofautiana kidogo, lakini si sana.

Weka Dar na Dodoma juu ya namba hizo. Dar iko ufukweni, na mwezi Mei mvua za masika bado hazijaisha. Mbao ikikaa ndani ya banda la wazi inatulia kwenye 14 au 15, na tanuri langu lilikuwa limeifikisha hapo kwa haki kabisa. Dodoma iko juu, mita 1,100 na ushei, ina msimu mmoja wa mvua unaokwisha Aprili, na kuanzia Juni hadi Novemba unaweza kuanua nguo saa moja baada ya kuzianika. Haigromita niliyoiacha ndani ya ule ukumbi ilizunguka kati ya 35 na 48 kwa wiki nzima. Meza haikuwa na hila yoyote. Ilikaa ndani ya hewa ile Juni, Julai, Agosti, Septemba, ikawa inatoa maji yake taratibu bila mtu kuona.

Mtiki ni mti mtulivu, na ndiyo sababu watu wanaulipia. Hata hivyo mbao yake iliyopasuliwa kwa bapa, yaani uso wake ukifuata mzunguko wa pete za mti, inasinyaa karibu asilimia 0.19 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Kutoka 14 hadi 8 ni asilimia sita. Kwa meza ya mita 1.2, hiyo ni zaidi ya milimita 13. Urefu haukubadilika kwa kiasi cha kuonekana, maana mbao karibu haisinyai kwa urefu. Upana ndio uliotaka kupungua kwa milimita 13, na sisi tulikuwa tumeufunga kwa gundi na skrubu kwenye chuma, ambacho hakijui habari za unyevu. Mbao ikavuta na chuma kikakataa, ikavuta tena, hadi usiku ule wa Oktoba.

Nilipomwonyesha mwenye karakana karatasi hiyo alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nilitamani mtu angeniuliza Mei: "Kwa hiyo ulipaswa kuitoa kwenye ngapi?"

Tisa. Na hakuna aliyekuwa ameniambia inakwenda Dodoma. Niliambiwa tu, "Kausha mtiki wa meza." Lakini hata mimi sikuuliza, na hilo nalibeba mwenyewe.

Nirudi nyuma kidogo, maana kabla ya meza ile nilikuwa nimeshapata somo lingine na nilidhani limenitosha.

Nilijifunza kazi ya tanuri kwa misindano ya Mafinga. Shamba la miti la Sao Hill liko pale, na mbao nyingi za msindano zinazoshuka Dar zinatoka upande huo. Mara ya kwanza niliposoma unyevu wa msindano uliopasuliwa jana yake nilidhani mizani imeharibika: asilimia 120. Inawezekanaje kitu kuwa na maji zaidi ya asilimia mia? Kijana mwenzangu, aliyekuwa amefanya kazi kwenye kinu cha nafaka, alibishana nami hadi tukakaribia kugombana. Yeye alifundishwa kwamba mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5, na kwamba asilimia hiyo ni sehemu ya uzito wote. Mimi nilifundishwa kugawanya kwa uzito mkavu peke yake. Sote tulikuwa sahihi. Watu wa nafaka wanagawanya kwa uzito wa kitu na maji yake. Watu wa mbao wanagawanya kwa uzito wa mti uliokaushwa kabisa. Kipande cha gramu 84 kikikauka kikabaki gramu 60, kwangu kina asilimia 40, kwake kina asilimia 28.6. Mahindi yake ya 13.5 kwangu yangekuwa 15.6. Tangu siku ile, mtu akinitajia unyevu wa kitu chochote, iwe kahawa, mkaa au udongo, huwa nauliza kwanza amegawanya kwa nini.

Asilimia 120 maana yake ni hii. Mita moja ya ujazo ya msindano ina kilo 400 hivi za mti wenyewe na kilo 480 za maji. Kuishusha hadi asilimia 12 unatakiwa kuondoa lita 430, zaidi ya mapipa mawili, kutoka kwenye kila mita. Tanuri letu lilibeba mita 20 za ujazo. Maji yote hayo hayana mlango mwingine ila hewa. Feni zinasukuma hewa ya moto katikati ya mbao zilizopangwa kwa vijiti, hewa inachukua mvuke, matundu ya juu yanafunguka kuitoa, hewa nyingine inaingia. Boila letu lilikula maranda ya karakana.

Kosa la mtu mgeni ni kudhani kazi ya tanuri ni kuongeza moto. Nusu ya kazi ni kuizuia hewa isiwe na kiu kupita kiasi. Ukianza na hewa kavu sana, ngozi ya mbao inakauka na kutaka kusinyaa wakati moyo wake bado umejaa maji na haujasogea. Ngozi inakakamaa, inapasuka vinyufa vidogo, na baadaye moyo unaposinyaa ndani ya ngozi iliyokwisha kukakamaa, mbao inabaki na mkazo ambao huuoni kwa macho. Ukiipasua kwa msumeno, inabana msumeno kama mkono wa mtu. Kwa hiyo unaanza na hewa ya moto lakini yenye mvuke mwingi, na unaipunguza mvuke hatua kwa hatua kadiri moyo unavyokauka.

Kuipima hewa ile tulitumia vipimajoto viwili vilivyokaa pamoja. Kimoja kikavu. Cha pili kimevishwa utambi wa pamba ulioning'inia kwenye kikopo cha maji. Maji yanayopanda kwenye utambi yanapogeuka mvuke yanapoza kipimajoto, na kadiri hewa inavyokuwa na kiu ndivyo kinavyopoa zaidi. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo inayokuambia unyevu. Kikavu kikisoma 60 na kibichi 55, hewa ina asilimia 77. Kikavu 60 na kibichi 45, imebaki na 43 tu. Vikisoma sawa, hewa imejaa.

Au utambi umekauka.

Ilikuwa wiki ya mgao wa maji. Kikopo kilijazwa kutoka kwenye tenki dogo, tenki likaisha usiku, na aliyekuwa zamu hakujua kwamba kikopo kile kina kazi. Alijua moto na feni, basi. Utambi ulikauka, kipimajoto kibichi kikapanda hadi karibu sawa na kikavu. Mtambo wa kuongoza tanuri ukasoma namba hizo ukaelewa kwamba hewa imejaa mvuke, ukafungua matundu yote ili uitoe. Uliendelea kuyaacha wazi usiku kucha. Hewa ya ndani ilikuwa imekwisha kukauka kama ya jangwani, na mashine ikawa inazidi kuikausha, ikiamini inafanya wema. Mbao zilikuwa siku ya pili tanurini, bado zina asilimia 70 na kitu.

Asubuhi nilifungua mlango mdogo wa ukaguzi nikasikia mbao zinalia. Kweli zinalia, tiki, tiki, kama bati linapopata jua. Mita 20 za msindano, na sehemu kubwa tuliuza kama mbao za kumimina zege.

Mtu wa zamu alikuwa karibu kufukuzwa. Nilikataa, nikasema hajui kwa sababu mimi sikumwambia kikopo kile ni cha nini. Tangu hapo kila anayeingia zamu anaanza kwa kugusa utambi kwa kidole. Kama haulowani kidole, hakuna kusoma namba nyingine yoyote. Na utambi unabadilishwa kila shehena, maana chumvi za maji yetu ya kisima zinauziba nao unaacha kunyonya hata kama kikopo kimejaa.

Baada ya hapo niliacha kuamini kipimo chochote ambacho sijakijaribu. Haigromita za bei nafuu zinazouzwa madukani zinaweza kutofautiana hata zikiwa zimetoka kwenye boksi moja. Nilinunua tatu, ndani ya chumba kimoja, meza moja, zikasoma 61, 68 na 73. Njia ya kuzipima haina gharama. Chukua kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kizibo na haigromita ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, acha hadi kesho. Chumvi iliyolowa inaishikilia hewa ya ndani ya chombo kwenye asilimia 75, na kwa joto letu haiyumbi. Haigromita ikisoma 69, unajua inapunguza sita, unaiandika kwa kalamu mgongoni.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayotumika kijijini kupima mahindi, na nilifurahi nilipotambua kwamba ni jambo lilelile. Unaweka mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unatikisa, unaacha dakika kumi na kitu, unatikisa tena. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuingia ghalani. Ikibaki inateleza, yamefika chini ya hapo. Mahindi yenyewe yanatengeneza hewa yake ndani ya chupa, na chumvi inaanza kunyonya maji hewa ikizidi 75. Hilo si la mbao, lakini siwezi kulipita kimya, kwa sababu mahindi yaliyowekwa na unyevu yanaota kuvu, na sumukuvu imeua watu: Kenya mwaka 2004, na kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbao iliyokosewa inapasuka, basi. Nafaka iliyokosewa inaingia kwenye sufuria ya mtu.

Kuhusu vipimo vya mkononi vya mbao, vile vyenye sindano mbili, navitumia kila siku na vina heshima yake. Lakini vinapima jinsi umeme unavyopita, na umeme hupita kwa urahisi zaidi kwenye mbao yenye joto, kwa hiyo ukipima mbao iliyotoka tanurini sasa hivi itakuambia ina maji kuliko ilivyo. Na sindano fupi zinasoma ngozi tu. Nikitaka ukweli naenda kwenye oveni na mizani.

Turudi kwenye meza.

Tulikubali kuitengeneza upya kwa gharama zetu. Nilikausha mtiki mpya hadi 9, na nikadhani kazi yangu imekwisha. Wiki tatu baadaye mafundi walipokuwa tayari kuuranda, nikapima tena. 12. Ulikuwa umekaa kwenye banda letu, Novemba, vuli inanyesha, na ulikuwa umeanza kurudi Dar. Kama alivyosema mzee, unazoea.

Hapo ndipo tulipojenga kile chumba ambacho hadi leo nakiona kuwa ni kitu cha maana kuliko tanuri lenyewe. Ni chumba cha kawaida, kimezibwa vizuri mlangoni na darini, kina hita ndogo na feni moja. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 28 na asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 33 tu, inashuka hadi asilimia 60. Nyuzi tano! Hujaondoa tone la maji, umeongeza nafasi tu, na mbao inayotulia kwenye 16 huko nje, humo ndani inatulia kwenye 11. Ukiongeza nyuzi chache nyingine unafika unakotaka. Mwenye karakana alidhani ninataka mashine ya mamilioni. Gharama kubwa iliyokuwepo ilikuwa mlango.

Niligundua pia kwamba hata Dar haina hewa moja. Nilipita na haigromita yangu kwenye ofisi za wateja wetu wa Posta. Kiyoyozi kinapopoza hewa, maji yanadondoka kwenye lile bomba la nje linalolowesha watembea kwa miguu, na hewa inayobaki ndani ni kavu. Niliona 50, 52, na chumba kimoja cha mitambo ya kompyuta 44. Mita ishirini kutoka pale, kwenye korido ya wazi, 78. Yale makabati yaliyokuwa yanarudishwa kwetu na milango imelegea, wakati mengine ya shehena ileile yamekaza hayafunguki, yalipata maelezo siku hiyo. Hayakuwa na tofauti yoyote yalipotoka kwetu.

Mzee ndiye aliyesimamia kuunga meza ya pili. Alikataa gundi kati ya mbao na fremu. Alichonga mfuo pembeni mwa fremu na vibanio vidogo vya mbao vinavyoingia humo, vinaishika meza isiinuke lakini vinairuhusu iende kulia na kushoto. Skrubu ya katikati peke yake ndiyo iliyokazwa kabisa. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema waliomfundisha walifanya hivyo na hakuna aliyemweleza sababu. Walimwambia tu mbao lazima iachiwe ipumue. Mimi nilikuwa na sababu bila mkono, yeye alikuwa na mkono bila sababu, na kwa miaka minne tulikuwa tumefanya kazi hatua kumi kutoka kila mmoja wetu bila kuzungumza jambo hili.

Mbao zilitoka chumba cha joto zikiwa 9, zikaunganishwa ndani ya siku mbili, zikafungwa nailoni pande zote kabla hazijaona hewa ya nje, zikapanda lori. Tulifungua nailoni Dodoma.

Kabla sijatoka ukumbini nililala chali chini ya meza nikachora mstari mwembamba wa penseli kwenye fremu, sawasawa na ukingo wa meza. Ilikuwa Desemba, mvua za Dodoma zinaanza. Mwezi Machi nilipita nikienda Singida kwa kazi nyingine, nikaomba ruhusa nikalala chini tena. Ukingo ulikuwa umeupita mstari kwa milimita mbili kasoro. Oktoba nilirudi. Msimamizi alinicheka aliponiona navua koti. Nikawasha tochi ya simu. Ukingo ulikuwa umerudi ndani ya mstari, karibu milimita moja, na kibanio cha mzee kilikuwa kimeteleza ndani ya mfuo wake kikaacha alama safi ya mahali kilipokuwa kimesimama wakati wa mvua.

Nilichora mstari wa pili, nikaandika tarehe pembeni.